Kivuko cha Mgeni Rasmi

"Kivuko huchorwa penye nyayo." Methali hii haikutoka kwa mababu wa kale. Ilianzia hapa hapa Isangala, kwenye lami inayopita mbele ya shule, na waliokuwapo ilipozaliwa bado tunakula nao ndizi.

Tuliisikia kwenye mkutano wa kijiji. Sisi vijana wa kamati ya maji tulipendekeza bomba jipya liwekwe mbele ya ofisi ya kijiji, penye uwanja mzuri, ambapo siku ya uzinduzi wageni wangeketi kwa nafasi. Mwalimu Tusekile, mwalimu mkuu mstaafu, akasimama kule nyuma, akasema, "Wanangu, kivuko huchorwa penye nyayo," kisha akaketi. Ukumbi wote ukacheka. Nasi tukacheka, maana si vizuri kubaki peke yako usiyecheka, lakini hatukujua tumecheka nini.

Mkutano ulipoisha tukaenda kwa Bibi Atuganile. Kwa miaka mingi Bibi alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, mmoja wa wale wawili wanaoketi na hakimu na kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Tulimkuta jikoni akimenya ndizi, mvua ikipiga bati. Alitugawia visu kwanza, kwa sababu nyumbani kwake hakuna anayesikiliza hadithi mikono ikiwa mitupu. Tulipomuuliza methali ile ilitoka wapi, alitabasamu, akatusimulia hivi.

Kabla ya lami, barabara yetu ilikuwa ya udongo, na magari yalipita kwa adabu, kwa kuwa tope halijui haraka. Lami ilipokuja, magari yakaota mbawa. Wazazi wakalalamika, wakubwa wa wilaya wakasikia, tukaahidiwa kivuko cha mistari myeupe mbele ya shule, pamoja na kibao chenye picha ya watoto wawili wanaokimbia. Tulifurahi. Tukaanza kukusanya kuku na mchele kwa ajili ya siku ya uzinduzi.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia. Uzinduzi hauwi uzinduzi bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi hakai juani wala mvuani, anahitaji turubai. Turubai linahitaji ardhi tambarare, na mnajua wenyewe jinsi kilima kile kinavyoshuka hadi langoni pa shule. Hata mbuzi akilala pale huchagua upande wa kuegemea. Mahali tambarare palikuwa kule juu, ukishapita kona, karibu na shamba la chai. Basi turubai likafungwa kule. Viti vikapangwa kule. Na kwa kuwa isingependeza mgeni akate utepe huku kivuko kiko kwingine, mafundi wakaambiwa wakichore kule kule, mbele ya meza kuu.

Kilikuwa kivuko kizuri, sitawadanganya. Ngoma zilipigwa, mgeni akakata utepe, akavuka kwenda ng'ambo huku akipigwa picha, halafu akavuka kurudi kwenye soda yake. Hakuwa na la kufanya ila kurudi, kwa sababu ng'ambo ile kulikuwa na mtaro mrefu, na baada ya mtaro ni chai tupu.

Watoto wenyewe waliendelea kuvuka walipovuka siku zote, kule chini penye mashine ya kusaga, ambapo njia ya miguu inateremka kutoka vitongoji vya juu na lango la shule liko mkabala. Majira ya mvua miguu yao ilibeba udongo mwekundu na kuugonga juu ya lami kama mhuri. Ukisimama mbali uliona utepe mwekundu umelazwa barabarani kutoka upande huu hadi upande ule.

Kukawa na jambo la ajabu. Askari wa usalama barabarani aliyepewa kulinda kivuko alikuwa Koplo Mabula, mtu wa Usukumani, mkubwa wa mwili, mpole wa moyo, aliyeshika amri kama wengine wanavyoshika sala. Kivuko kiko juu, naye akakaa juu. Dereva asiyepunguza mwendo pale alikamatwa, hata kama hakuna kuku anayevuka. Madereva wakamzoea. Wakifika kwenye mistari walinyata kama mtu aliyechelewa ibada. Wakishampita koplo, walikanyaga mafuta ili wafidie muda waliopoteza, na walipofika penye mashine ya kusaga walikuwa katika kasi yao yote. Hivyo kivuko chetu kikawa kinawatuliza madereva pasipo na watoto na kuwaharakisha penye watoto. Hakuna aliyekusudia hivyo. Jambo jema lilikuwa limeketishwa pabaya, basi.

Wakati huo shule ililetewa mwalimu mpya wa darasa la kwanza, binti mwembamba aliyeshika hata chaki kwa upole. Ndiyo, huyo huyo Tusekile mnayemwogopa. Alikuwa hajathibitishwa kazini, bado yuko kwenye majaribio. Kila asubuhi aliwahi penye mashine akawavusha watoto kwa mafungu, wameshikana mikono kama shanga kwenye uzi.

Asubuhi moja kandambili ya mtoto mmoja, Lugano, ilimchomoka katikati ya barabara. Mtoto akamponyoka mwalimu, akairudia. Lori la ndizi likawa linatoka kwenye kona. Dereva alikanyaga breki hadi tairi zikalia na harufu ya mpira ikatufikia sokoni. Lori liliposimama, Lugano alikuwa ameketi ukingoni mwa lami, mzima, analia kwa sauti kubwa. Hakulilia lori. Alililia kandambili, iliyobanwa chini ya tairi la mbele. Dereva alirudisha gari nyuma taratibu, akashuka, akaiokota, akamvisha mtoto mguuni. Halafu naye akaketi chini kando ya Lugano.

Tusekile alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaenda naye kwa wakubwa wa barabara kuomba kivuko. Wakajibiwa kwamba Isangala tayari ina kivuko, tena kipya, na picha za uzinduzi ziko ukutani.

Jumamosi iliyofuata wazazi walikutana kwa msaragambo, kazi ya kujitolea. Chokaa iliyosalia ya kupaka madarasa ikakorogwa, baba mmoja akashika kamba ili mistari isiende upogo, akina mama wakapaka kwa mafagio. Jumatatu madereva wakaona mistari ile, wakapunguza mwendo, watoto wakavuka wakiimba. Lakini wiki haikuisha kabla Koplo Mabula hajapata habari kwamba kuna kivuko kijijini asichokijua yeye.

Alikuja, akakitazama kwa masikitiko, akauliza nani amekichora. Kila mzazi aliyekuwapo alisema, "Ni mimi." Koplo akasema kizimba cha mahakama yetu hakitoshi hata watu wawili wanene, seuze kijiji, kwa hiyo anaomba mmoja tu. Tusekile akajitokeza. Akashtakiwa kwa kuweka alama kwenye barabara ya umma bila kibali na kuiharibu barabara hiyo. Chokaa ikasuguliwa kwa maji na brashi. Iliyobaki, mvua ikaimaliza.

Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi: akitiwa hatiani kabla ya kuthibitishwa, kazi hana. Binti yule alikuwa mtoto wa kwanza kwao kupata ajira. Mama yake kule kijiji cha Masoko ya Juu alikuwa amezoea kuanza kila salamu kwa kusema, "Mimi mama yake mwalimu." Tusekile hakumwambia kitu.

Kesi ikaletwa kwetu. Wajukuu zangu, mimi niliipenda mahakama ile na nilikaa humo kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba kesi zilitembea kama kinyonga. Hakimu Mshanga alikuwa mmoja kwa mahakama mbili. Siku aliyopo yeye, shahidi wa ofisi ya barabara hakufika. Siku aliyofika shahidi, hakimu ameitwa semina. Siku wote wawili walipokuwapo, Koplo Mabula alikuwa anasindikiza msafara wa mkubwa. Kila mara tulisema, "Imeahirishwa," tukainuka. Na kila siku ya kesi, darasa la kwanza halikuwa na mwalimu, na kule penye mashine hapakuwa na mtu wa kuwavusha.

Watoto wakabuni mchezo. Mmoja anaketi juu ya tofali, wengine wanasimama mbele yake kimya. Yule wa kwenye tofali anakohoa, anasema, "Imeahirishwa," wote wanajipangusa sketi na kaptura, wanatawanyika. Mchezo wenyewe ndio huo, hauna zaidi.

Siku moja ya kesi mwalimu mkuu aliona ni heri Tusekile awachukue watoto wake aende nao, kuliko kuwaacha wakimbilie barabarani. Basi alipoingia kizimbani, darasa lote lilikuwa limeketi nje barazani chini ya dirisha, likihesabu kwa sauti moja. Hakimu Mshanga akauliza kelele zile ni za nini. Karani akainama, akasema, "Ni darasa la kwanza, Mheshimiwa. Mwalimu wao yuko hapa kizimbani."

Hakimu akasema haya, tuendelee. Koplo Mabula akasimama, akakunja kofia yake mikononi, akasema kwa masikitiko kwamba shahidi wake hajafika. Hakimu akakohoa. Kabla hajafungua kinywa, sauti nyembamba ikasikika dirishani: "Imeahirishwa." Tukasikia watoto wote wakiinuka na kujipangusa.

Nilimtazama Hakimu Mshanga. Alikuwa mtu makini, mtu wa Same, kwao mvua inasubiriwa kama mgeni, na hapa kwetu aliteseka sana na tope. Viatu vyake vyeusi alivifuta kila alipopata nafasi. Sikuwahi kumwona akiona haya, lakini siku ile aliona. Alishusha kalamu. Akasema taratibu, "Haiahirishwi. Mahakama inahamia eneo la tukio. Leo, sasa hivi."

Tukapanda gari la polisi: hakimu, karani, Koplo Mabula, mimi, na mzee mwenzangu wa baraza, Mzee Gwakisa. Huyo alisifika kwa kusinzia mahakamani, ingawa mwenyewe alisema hufumba macho ili masikio yafanye kazi. Mwalimu na watoto walitangulia kwa njia za mkato.

Gari likatushusha juu, kwenye kivuko cha serikali. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na uwanja wa turubai umekuwa kidimbwi, bata wawili wamejimilikisha. Hakimu alisimama kwenye mistari akatazama huku, akatazama kule.

"Koplo," akasema, "kivuko hiki kinamvusha nani?"

"Raia, Mheshimiwa."

"Kumpeleka wapi?"

Koplo Mabula akautazama mtaro, akaitazama chai. Alikuwa mtu mkweli. "Hapo sijapewa maelekezo, Mheshimiwa."

Hakimu akageuka. Tukashuka kwa miguu kando ya barabara kwenda kuona pale palipochorwa chokaa. Tulipokaribia mashine ya kusaga, mvua ikarudi, tena ya kwetu ile isiyobisha hodi. Ng'ambo, kwenye lango la shule, mwalimu mkuu akawa anatupungia mwavuli, anatuita tujikinge barazani. Hakimu akapandisha suruali, karani akafunika mafaili kwa koti, sisi wazee tukashikana mikono. Wakati huo huo lori likachomoza kwenye kona. Koplo Mabula hakungoja kuambiwa. Aliingia katikati ya barabara na mwili wake ule mkubwa, akainua mkono, lori likasimama, mahakama nzima ikavuka mbio.

Tulipofika barazani tukawa tunacheka na kujikung'uta. Hakimu Mshanga akatoa kitambaa afute viatu. Akainama, halafu akabaki ameinama vile vile, anatazama barabara.

"Koplo, umelisimamisha lori lile."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa alama ipi?"

Koplo akageuka. Lami ilikuwa wazi, hakuna mstari hata mmoja, yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia kuufuta. "Hakuna alama, Mheshimiwa," akasema. "Kulikuwa na watu wanavuka."

"Na sisi? Tumetoka penye kivuko cha serikali, tumekiacha kule, tumekuja kuvukia hapa. Kwa nini?"

Koplo akafikiri kwa uaminifu. "Ndipo njia ilipo, Mheshimiwa."

Sote tukatazama. Mvua ilikuwa bado haijaziosha. Zilikuwapo nyayo ndogo ndogo nyekundu za watoto, na juu yake nyayo pana za buti, na za malapa yangu, na katikati kabisa, ndefu, nyembamba, zenye kisigino cha mraba, nyayo za viatu vya hakimu.

Hakimu akasema mahakama itaketi hapo hapo. Mwalimu mkuu akatafuta viti, vya wageni vikawa vimefungiwa stoo na mwenye ufunguo ameenda mnadani. Tukaletewa viti vya darasa la kwanza. Hakimu Mshanga akaketi magoti yakiwa karibu na masikio, nasi kushoto na kulia kwake vivyo hivyo. Tusekile akasimama mbele yetu. Alikuwa ameshika mikono ya watoto wawili, nadhani kwa mazoea tu, na mmoja wao alikuwa Lugano.

Hakimu akamuuliza kama anakubali kwamba alichora. Akakubali. Hakimu akamwambia kwamba alama za barabarani si kitu cha kuchora Jumamosi. Kila mtu akichora yake, madereva watamfuata nani? Ilikuwa lazima kuomba kwanza.

"Niliomba, Mheshimiwa," Tusekile akasema. "Niliambiwa kivuko tunacho."

Mvua ilikuwa imejaa kwenye bati. Hakimu akamgeukia Koplo Mabula, akamuuliza ana ushahidi gani kwamba barabara iliharibika. Koplo akajibu kwamba chokaa ilitoka yote, lami iko kama ilivyokuwa, naye hawezi kusema lingine mbele ya Mungu na watoto hawa.

Ikafika zamu ya wazee wa baraza. Mimi nilianza. Nilisema mengi, na nilidhani nimesema vizuri: kwamba hakukuwa na nia mbaya, kwamba kuharibu ni kuharibu na kupaka chokaa ni kupaka chokaa, na kwamba sheria ni mama, haimwachi mtoto barabarani. Hakimu akanishukuru. Akamgeukia mwenzangu, ambaye alikuwa amefumba macho juu ya kile kiti kidogo.

"Mzee Gwakisa, unasemaje?"

Mzee Gwakisa hakufumbua macho. "Kivuko huchorwa penye nyayo, Mheshimiwa. Za watoto nimeziona. Na zako nimeziona."

Karani alishika mdomo. Koplo Mabula alitazama dari. Hakimu Mshanga alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka hadi kile kiti kikalia, na watoto waliokuwa wamejazana madirishani wakacheka kwa sababu mkubwa amecheka. Aliposhika tena sauti yake, alitamka kwamba mshtakiwa hana hatia na yuko huru. Tusekile akabaki amesimama, kama mtu anayengoja neno lile lingine alilolizoea. Lugano akamvuta mkono. "Mwalimu, haijaahirishwa," akamwambia. Hapo ndipo mwalimu alipolia, na tulimwacha alie.

Kabla hatujaondoka hakimu akasema kwamba mahakama haina rangi ya barabara wala mafundi, kwa hiyo hawezi kuahidi kivuko. "Lakini tutaomba tena," akasema, "na safari hii tutakuwa wengi."

Tuliomba wengi kweli, na tulingoja sana, sitaki mfikiri ilikuwa rahisi. Ila kesho yake tu Koplo Mabula alihama kule juu, akasimama penye mashine ya kusaga. Mkubwa wake alipomuuliza kwa nini ameacha kivuko, alijibu kwamba amri aliyopewa ni kulinda wanaovuka. Hata mafundi walipofika na rangi na kuuliza wachore wapi, hakuna aliyefungua kinywa. Tulielekeza vidole chini. Mzee Gwakisa alikuwa ameshalisema, na kijiji kizima kilikuwa kinalisema baada yake, kwenye vikao vya harusi, kwenye kugawa mashamba, hata kanisani walipotaka kuhamisha mlango. Uzinduzi wa pili haukufanyika. Pale hapana mahali pa kufunga turubai.

Bibi Atuganile akaacha kumenya, akatutazama mmoja mmoja. "Na Lugano mnamjua," akasema. "Ndiye huyo anayewaleteeni ndizi sokoni na lori lake. Mwangalieni siku moja akifika pale penye mashine, hata Jumapili, hata pakiwa hapana mtu."

Tulikula ndizi zile pamoja naye. Asubuhi iliyofuata, kabla hatujachukua ramani yetu ya bomba, tulikwenda kutazama ardhi. Mbele ya ofisi ya kijiji majani yalikuwa mabichi, na umande wake haujakanyagwa na yeyote. Tukaendelea kutembea. Nyuma ya kanisa, pale njia za vitongoji viwili zinapokutana kabla ya kushuka mtoni, udongo ulikuwa mgumu na kung'aa kwa nyayo, na pembeni kulikuwa na viduara vingi vya matako ya ndoo, pale akina mama wanapotua mizigo wapumue. Ni mteremko mkali. Mmoja wetu akasema mgeni rasmi hataweza kukaa hapa.

Tukatazamana, tukacheka, na safari hii tulijua tunacheka nini. Kisha tukapigilia kigingi pale pale. Kivuko huchorwa penye nyayo.